Sekunde Kumi na Nane za Mkuyuni

Jumatatu, 15 Septemba

Zamu ya asubuhi. Saa moja na dakika kumi, kamera namba saba, kivuko cha waenda kwa miguu cha Mkuyuni — mama yangu huyoo, kitenge cha njano, beseni la sato kichwani. Upande wa pili anakuja Bi Mwanabaraka na ndoo yake ya vitumbua. Wakakutana katikati ya barabara, kama kila siku. Na kama kila siku, mama akapiga goti. Bi Mwanabaraka kamzidi umri, na mama hajui kumsalimia mkubwa huku anatembea! Kwanza mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, kisha umeamkaje, mguu je, wajukuu je, hata kuku wanaulizwa.

Mtambo wetu wa taa za barabarani unawapa watu sekunde kumi na nane za kuvuka. Salamu ya mama inataka hamsini. Goti lenyewe bovu, kushuka tu ni safari.

Nikabonyeza kitufe cha kuongeza muda. Kwenye daftari la zamu nikaandika "mzigo umeanguka barabarani". Mwezi wa tatu sasa mzigo unaanguka. Mungu anisamehe.

Jumanne, 16 Septemba

Bosi Farouk kaniita. Mkononi ripoti ya mtambo. Anauliza ni mzigo gani huo unaoanguka Mkuyuni kila siku dakika ile ile, una saa ya mkononi? Nikasema ukweli wote. Mtu akinikazia macho, kudanganya siwezi.

Kasema kitufe ni cha gari la wagonjwa na zimamoto, basi. Nikirudia, barua ya onyo. Ya pili itakuwa ya kuachishwa kazi. Ana haki, najua ana haki! Ndiyo maana nimeudhika.

Jumatano, 17 Septemba

Zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nimepita kwa mama kabla hajatoka. Nikamwambia: salimianeni pembeni. Akauliza, pembeni ipi? Mwenzake anatoka kule, yeye anatoka huku, ampite katikati kimya kama nguzo ya umeme? Nikamwambia kuhusu taa, sekunde, bosi, barua. Akasikiliza vizuri. Halafu: kumbe unaniona kila siku kwenye televisheni yenu na hunisalimii!

Nikacheka, ningefanyaje. Baadaye akaongea taratibu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Bi Mwanabaraka ndiye aliyenibeba mgongoni huku akikaanga vitumbua, ili mama akauze samaki. Mama anasema goti la kumshukuru halijaisha bado.

Nampenda mwanamke huyu hadi ananichosha.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikubonyeza.

Sekunde kumi na nane zikaisha, magari yakapewa kijani, mama bado goti chini. Honi! Bodaboda moja ilimpita nyuma, kitenge kikapeperuka. Hakuinuka mpaka alipoitikiwa. Bi Mwanabaraka kainua mkono kuyasimamisha magari, mkono mwembamba ule.

Nimelia chooni. Evelina wa meza ya pili kaniletea maji.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa moja na dakika nane. Naandika hapa hapa mezani. Bosi Farouk kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Hajawahi kuja chumba hiki mapema hivi. Nikamwamkia, kaitikia.

Mama huyo. Nilimpigia jana usiku, nikamsihi. Kasema sawa mwanangu. Sawa ya mama naijua mimi.

Taa ya watu imewaka. Mama katikati. Lakini Bi Mwanabaraka leo ana fimbo! Anakuja polepole mno, mjukuu wake Bushra kashika ndoo. Mama anamsubiri. Zimebaki sekunde tisa. Sasa anashuka goti. Mama jamani.

Tano.

Nimebonyeza. Liwalo na liwe. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kitufe. Foleni imefika kona ya sokoni. Kwenye daftari la zamu nimeandika "mama yangu anasalimia".

Bosi kainama kwenye skrini, namsikia anapumua. Kauliza wanaulizana nini muda wote huu. Namsoma mama midomo, nikamwambia sasa hivi ni wajukuu, mmoja mmoja kwa jina.

"Wako wangapi?"

Tisa, nikasema.

Kavuta kiti, kakaa. Wamefika wa nne.