Punje za Hindi Moja

Kadzo mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zimefika. Huku Likoni tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Waniuliza, wewe msomi wa virusi vya mimea, kwa nini nachanganya mbegu. Nilipoolewa nilipanda punje za hindi moja tu, lile nono kuliko yote, ili mama mkwe anisifu. Vidudu vikaleta ugonjwa wa michirizi, kijishamba changu kikawa manjano chote. Chake, alimopanda punje za kila hindi lililoning'inia juu ya meko, kilibakiza mashina mabichi kadhaa.

Akacheka: "Ugonjwa kila mwaka waja na sura mpya, nawe waungoja na sura moja?"

Akanipa mbegu za hindi lake lililonusurika, lenye mapengo kama kinywa changu leo, nizichanganye na nyingine. Wajukuu wa hindi hilo ndio uliowatafuna hapa Desemba, ukaomba zaidi.

Nyanyako,
Kache