Kumwosha Mzee wa Watu

Dada yangu Kemunto,

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo, nikitumaini amekuamsha na wewe hapo Nyaramba. Goti la mama linaendeleaje na hii mvua? Na majani chai, mmepata wachumaji? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unanisumbua.

Nilikuambia kwa simu kwamba huyu mzee ninayemtunza hapa Mombasa alitoka hospitali akiwa amewekwa mpira wa mkojo. Sista, nesi wa hospitali, amekuwa akija kila asubuhi kumsafisha. Kuanzia Jumatatu haji tena, ni mimi. Binti ya mzee alinivuta kando akaniambia uchafu ukiingia kwa huo mpira homa itarudi, na daktari amesema homa nyingine baba yake hataiweza.

Wewe unanijua, kitu hakikai kwa kichwa changu mpaka nimwandikie mtu. Hata lesoni za Sabato nilikuwa nakuandikia wewe ndio nizielewe. Kwa hivyo jana nilianza barua nikasema wacha nikufundishe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigusii mambo haya mkono wangu ungekataa.

Niliandika hivi: kwanza unanawa mikono na sabuni. Mfuko unaopokea mkojo unaning'inia chini ya kiuno, usiuinue, mkojo usije ukarudi ndani. Unaangalia mpira usiwe umejikunja. Halafu unachukua kitambaa safi na maji ya vuguvugu, unapangusa...

Hapo nikakwama. Unapangusa ukianzia wapi, ukielekea wapi? Dada, sikujua. Sista amenionyesha karibu wiki nzima, na kila akifika hapo mimi naangalia dirisha. Unajua chinsoni, ile miiko ya haya tuliyolelewa nayo: mwanaume wa umri wa baba humwangalii akivuliwa nguo. Nilikuwa naitikia tu kwamba nimeelewa, na kumbe nitakuja kuua mzee wa watu kwa heshima. Nikaacha kalamu nikapiga magoti.

Leo asubuhi nikamwambia sista ukweli. Hakunigombeza, akanipa kitambaa akasema leo nifanye mimi. Nikafumba macho nikapapasa, maji yakamwagikia shuka. Mzee ndiye aliyeongea.

"Mwanangu, mimi nimefumba macho yangu. Wewe fumbua yako."

Nikaangalia. Dada, unaanzia pale mpira unapoingilia mwilini, unapangusa ukienda nje, na kitambaa hakirudi nyuma hata mara moja. Mkono wa pili unaushika mpira usivutike. Kitambaa kikishapita, unageuza upande safi. Hayo nimeyaandika bila kumuuliza mtu.

Lakini Jumatatu sista hayuko, na macho yangu bado ni yaleyale. Uniombee asubuhi ukienda kukamua ng'ombe, saa hiyo ndiyo nitakuwa nimeshika kitambaa.

Nisalimie shemeji, mume wako, na akina mama wa darasa letu la Sabato. Mama pia umsomee, lakini ukifika pale pa mfuko ukunje karatasi, umwambie nimesema mzee anaendelea vizuri.

Mungu awafunike.

Mdogo wako,
Bochaberi