Nilimlisha Aliyekuua

Kaka mpenzi,

Yule uliyekuwa ukimpigia mluzi kila asubuhi nimemchinja kwa mkono wangu. Nakuandikia wewe kabla sijampigia mama simu kule Kondoa, maana ataniuliza kama moyo umetulia, na sitaki kumdanganya.

Unakumbuka tulivyocheka siku ya kwanza pale shambani Umm Salal, huku Qatar? Sisi tuliokulia zizini tulionyeshwa kulungu wakubwa wa nchi za baridi, madume wao warefu kuliko fahali wa baba, pembe zimechanua matawi, wamelala kwenye banda lenye kiyoyozi. Ukaninong'oneza, "Dogo, hawa wana AC, sisi chumbani kwetu feni yenyewe inakohoa." Mwenye shamba alitaka nyama safi isiyo na mafuta, ya kuwauzia matajiri wa mtaa wa Al Sadd waliokatazwa nyama nono na madaktari wao. Ukaifanya kazi ile kana kwamba mifugo ni yetu.

Ndipo akazaliwa ndama aliyekataliwa na mama yake. Ulimlea kwa chupa, ukamwita Jabali, na alipoota pembe ukawa unamkuna katikati yake. Msimamizi wetu, yule Msudani, alikuonya. "Ya akhi, ndugu yangu, wa chupa hamwogopi mtu. Msimu wa majike ukifika atakuona dume mwenzake. Mkate pembe." Ukamcheka. Kwetu fahali uliyemlea hakugusi, na kumkata pembe ni kumdhalilisha yeye na boma zima.

Joto lilipoanza kupungua, msimu wao ukafika. Uliingia na ndoo yako ya bluu, unapiga mluzi. Alikushindilia ukutani. Pembe ikakuingia chini ya mbavu, akakunyanyua, akakubwaga, akakurudia. Nilimpiga kwa bomba la chuma mgongoni, puani, machoni, mpaka bomba likapinda, wala hakunitazama. Damu yako ilinirukia mdomoni. Ladha yake ninayo hadi leo, na kila nikiikumbuka natamani kuvunja kitu.

Nilichomoa kisu palepale. Msudani akanikaba kwa nyuma, tukaanguka wote kwenye kinyesi. Tulipokwisha kukuzika hapahapa Doha, mwenye shamba akatuma neno. Nyama ya dume wa msimu ule inanuka, haiuziki, kwa hiyo alishwe vizuri hadi atulie na arudishe mwili. Wa kumlisha nilikuwa mimi.

Unaelewa, kaka? Nilimpelekea chakula kwa ndoo yako ileile. Nilimtemea mate kwenye majani yake, nikamrushia mawe, nikamtukana yeye na ukoo wake. Yeye alitafuna tu, akanawiri. Baridi ilipokwisha, pembe zake zikadondoka kama kila mwaka, na ile iliyokuua nikaikuta kwenye majani, imelala kama kuni. Niliipigapiga kwenye nguzo ya zege mpaka ikapasuka na viganja vyangu vikachubuka. Haikunisaidia chochote.

Siku ya kumchinja nilinoa kisu kwa hamu. Lakini alikataa kutoka bandani. Tulipomsogelea alirusha mateke na kujigonga ukutani, nami nilifurahi kumwona anaogopa. Msudani hakufurahi. "Akifa na hofu nyama inakuwa nyeusi, kaka yako alikuwa akisema hivyo kila siku. Mpigie mluzi wake."

Nilikuwa sijaupiga tangu ufe. Midomo ilinikataa, kisha ukatoka. Akaacha mateke. Akasimamisha masikio, akaja taratibu, akanisukumia kichwa kifuani, pale katikati ya zilipokuwa pembe zake, akingoja kukunwa. Alikuwa anakutafuta wewe, kaka. Katika shamba lile lote tulikuwa wawili tu tuliokukumbuka kiasi kile, na mmoja ndiye aliyekuua.

Nikamkuna. Tukamlaza kuelekea kibla, nikasema bismillahi, nikakata. Damu yake nayo ilinirukia mdomoni. Haina tofauti na yako.

Nyama ilitoka laini, nyekundu, safi, kama ulivyotaka iwe. Imeshapelekwa mjini. Leo asubuhi wameniletea ndama mwingine aliyekataliwa na mama yake, pamoja na chupa. Nimemwambia Msudani amtafute mtu asiyejua kupiga mluzi.

Pumzika, kaka. Hasira zako na zangu nimebaki nazo mimi.

Mdogo wako