Kura na Kula

Baba Nelima,

Ukifika kutoka Bungoma, kuku iko kwa sufuria kubwa. Funika vizuri, paka yuko hapa.

Jana kwa simu ulisema leo wazazi wanaenda shule "kula". Nikaamka alfajiri nikapika. Kumbe ni kura, ya kamati ya wazazi. Nilisimama na sufuria mbele ya Sista mwalimu mkuu, wenzangu wameshika kalamu. Wakacheka. Nelima alikuwa dirishani, akajifanya hanijui.

Wakanichagua, ati nisimamie chakula cha watoto mwaka huu. Sikukataa. Narudi huko sasa, kuna kikao.

Nelima akitoka shule mpakulie paja. ~~Mwambie sijakasirika.~~ Mwambie ni wewe umepika.

Mama Nelima