Siku Mariamu Alipompikia Mjomba

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Ihanja tu wazima. Alizeti imeinamisha vichwa, na babu yako bado anagombana na mbuzi.

Unauliza kama mdogo wako Baraka, anayeziba masikio watu wakizungumza, ataweza siku moja kukaa kwake. Mdogo wangu Mariamu naye alikuwa hivyo hivyo. Sisi huku ukimpenda mtu unampokea kazi, basi kila aliposhika mwiko tulimpokea. Mama alipofariki, mjomba akaja kumchukua, akisema hawezi kujitunza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kumpokea. Niliona maneno yetu ndiyo yanamchanganya, nikawa napika mbele yake kimya, kila chombo mahali pake, halafu namwachia. Siku hiyo nikamwambia mjomba akae kwanza, Mariamu anapika. Ugali ulipoanza kuwa mzito, mjomba akainuka amsaidie. Nikamshika mkono.

"Mwache, mjomba."

Mariamu akausonga mpaka ukaiva, akaepua, akamnawisha mjomba bila neno. Mjomba akala na mlenda mpaka akalamba vidole.

"Sasa huyu nimpeleke wapi?" akasema.

Mpaka leo Mariamu anakaa kwake, na kuku wake. Kwa hiyo Baraka akishika mwiko, wewe zuia mikono yako. Jana nilikwenda kumtembelea Mariamu, tukala, nikainuka nioshe vyombo. Akaninyang'anya sufuria, akanionyesha kigoda. Kwake mimi ni mgeni.

Bibi yako,
Mwanaidi