Mzazi wa Sekela Bado Anasubiri

Sekela, mwanangu,

Jina lako limeandikwa kwenye kibao cha mlango wa ofisi ya mkuu wa shule moja hapa Iringa, na anayeketi mle ndani si wewe. Ni Rehema, binti yangu, uliyekaa naye dawati moja. Wewe ulifaulu darasa la saba, yeye hakufaulu, na fomu yako ya sekondari nilimpa yeye. Akaenda bweni kwa jina lako, akaajiriwa kwa jina lako. Hata jina la baba yako, Anyosisye, amelibeba kwenye vyeti vyote, na mimi niliyemzaa sionekani popote. Hilo nimelificha tangu mkiwa watoto.

Enzi zile mtoto kusoma kwa jina la mwingine halikuwa jambo la ajabu. Aliyefeli alirudia darasa kwa jina la aliyeacha shule, na sisi walimu tuliyaona tukanyamaza. Lakini wewe hukuacha shule. Na mimi sikunyamaza tu. Nilikuwa mwalimu mkuu, na mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Tangu tukuzike kule Rujewa miguu yangu imekataa kabisa. Ninaishi kwa Rehema. Asubuhi wote wanaondoka, nabaki na blanketi na dirisha. Mjukuu wangu Lusungu, yuko kidato cha pili, alinihurumia, akaniwekea kwenye kompyuta yake mchezo wa kuigiza kazi ya ualimu. Akasema, "Babu, kila siku unalia umekumbuka darasa. Haya, fundisha sasa, ila huku hakuna fimbo."

Nilicheka. Kisha nikazoea. Kengele inalia, watoto wanaingia, unaita mahudhurio, unasahihisha madaftari. Mtoto usipomwita anaponyoosha mkono, sura yake inafifia kidogo kidogo mpaka siku moja dawati lake linakuwa tupu. Na unaruhusiwa kuwapa watoto majina unayotaka. Niliandika majina ya darasa lenu, wote niliowakumbuka. Wewe nilikuweka mstari wa tatu, karibu na dirisha, palepale ulipokuwa unakaa ukiuma ncha ya kalamu. Kila asubuhi niliita, "Sekela Anyosisye," na kila asubuhi yule mtoto wa kwenye kioo cha kompyuta alinyoosha mkono. Sikuacha hata siku moja kumwita. Nilifikiri nalipa kitu.

Halafu ikafika siku ya wazazi.

Mlango wa darasa ukafunguka, akaingia mwanamume mmoja, akaketi mbele ya meza yangu na kofia magotini. Juu ya kichwa chake pakaandikwa kwa Kiingereza: Mzazi wa Sekela. Hafanani na baba yako, Sekela. Amevaa tai, ana mashavu ya mtu asiyejua jembe. Lakini ile kofia magotini. Chini ya kioo zikatokea sentensi tatu ili nichague moja ya kumwambia: mwanao anafanya vizuri, mwanao ahimizwe zaidi, mwanao anastahili kuendelea na masomo ya juu. Zilikuwa hizo tu. Waliotengeneza mchezo huu hawakuweka ile niliyosema mimi. Nadhani haikuwaingia akilini kwamba mwalimu anaweza kuisema.

Nikafunga kompyuta. Kesho yake nikaifungua, bado yupo. Anapepesa macho, anaweka sawa kofia, ananitazama. Lusungu alipoona akashangaa, "Babu, huyu mzazi yupo hapa tangu Jumatatu. Ameganda?" Nikamwambia hajaganda, anasubiri. "Basi mjibu, Babu. Bonyeza tu chochote, aende zake." Sijabonyeza. Sasa hata kompyuta ikiwa imefungwa, nikiketi namna ya kuipa mgongo, najua yupo nyuma yangu.

Unakumbuka siku niliyokuita ofisini. Mvua ilikuwa imekatika na sketi yako ina tope. Nilikuambia, "Sekela, umefaulu. Peke yako shule nzima. Lakini baba yako amesema hapana." Nisingeweza kukuambia umefeli, ulikuwa unayajua majibu yako yote, ungenitazama nikashindwa. Hukulia. Uliuliza kama unaweza kumwomba mwenyewe, nami nikasema, "Usimwulize. Mzee akishasema, mtoto harudii neno. Utamwaibisha." Ukapiga goti, ukasema asante Mwalimu.

Rehema na mama yake niliwaambia hivyohivyo: Mzee Anyosisye amekataa, nafasi itapotea bure, heri aitumie mmoja wetu. Rehema ameishi na neno hilo mpaka leo. Ndilo linalompa usingizi.

Na wewe ukalishika zaidi yetu sote. Mama yako alikuwa ameshatangulia. Mlibaki wawili tu nyumbani, wewe na baba yako, na mkala ugali kwenye sahani moja bila kuulizana. Ukaolewa Usangu mapema. Baba yako alipofariki nilikuwepo msibani. Wewe ulituma gunia la mchele, hukuja. Wazee walinong'ona, mimi nikachukua koleo nikaongeza udongo.

Miaka ya baadaye ulikuwa ukileta mchele soko la Mwanjelwa, nami nilikuwa napita kwenye meza yako kila mwisho wa mwezi, nikijidai nataka mchele wa Mbarali na si mwingine. Ulinipimia, ukaongeza konzi mbili, ukawaambia wenzako, "Huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu, msimpunje, atawakamata." Walicheka. Nilibeba ule mchele kama mtu aliyebeba mawe. Siku moja, sijui nini kilikukumbusha, ulisema huku unachekecha, "Unajua Mwalimu, mwaka ule baba aliosema hawezi kunipeleka shule, alinunua sanduku jipya la bati. La mbegu. Mbegu za maharage zilipata sanduku, mimi nikakosa." Ukacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Siku ya mazishi yako alisimama kijana wako kusoma wasifu wa marehemu. Akasema mama yetu alikuwa na akili nyingi, alifaulu, lakini babu hakuona umuhimu wa kumsomesha mtoto wa kike. Watu wakatikisa vichwa. Rehema alikuwa kando yangu, amefunga kitenge kichwani, na kila jina la Sekela lilipotajwa nilihisi bega lake likishtuka. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa bado naweza kusimama siku ile. Nilitazama mashamba ya mpunga mpaka wasifu ukaisha.

Daktari hanidanganyi, na mimi sina haja ya kudanganywa. Nakuahidi hivi. Leo mchana Rehema akirudi nitamsomea barua hii yote, hata kama atanitoa katika nyumba yake. Kisha atanipeleka Rujewa, kwa kubebwa ikibidi, niwasomee wanao, ili waache kumtaja babu yao namna ile. Na nitawaomba waende hadi kaburi lake wakalipalilie, kwa sababu wewe hukupewa nafasi ya kufanya hivyo. Kama pumzi itakatika njiani, Lusungu atamalizia kuwasomea. Kwa heri, Sekela. Sikuombi unisamehe; nilishachukua vitu vyako vya kutosha.

Sasa nimjibu yule mzazi.

Baba yako hakukataa. Hakujua. Alikuja shuleni mwenyewe siku moja kabla sijakuita, akitokea sokoni, koti lake la kanisani mwilini. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaketi mbele ya meza yangu na kofia magotini, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu vipi?" Nikamwambia, "Hakuchaguliwa, mzee." Aliivaa kofia yake polepole. Kisha akatoka, nami nikamsindikiza hadi nje. Kwenye keria ya baiskeli lilikuwa limefungwa kwa mpira sanduku jipya la bati, lile la kupeleka mtoto bwenini, na kwenye kifuniko fundi alikwisha kuandika herufi za jina lako kwa rangi nyeupe. Baba yako aliliangalia, akanisitiri aibu yangu asiyoijua, akasema, "Basi, Mwalimu. Nitayafuta maandishi. Litatunza mbegu."