Pua ya Mama Mkwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua, ingawa nakujua: hata likiuma utasema ni baridi tu. Sisi huku hatujambo. Harusi ya wifi yangu imepita salama, na nimeona nikusimulie habari ya keki kabla hujaisikia kwa watu wakiwa wameitia chumvi.

Unajua mama mkwe huoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Saa haitazami, na mfuniko haufunui ng'o mpaka harufu imwambie keki imeiva. Harusi zote za ukoo huu zimekatiwa keki yake. Lakini tangu alipougua mafua makali mwaka huu, kila alichooka kilitoka kimeungua. Akalaumu mkaa, akalaumu unga, hata mimi nikaambiwa maneno yangu mengi jikoni yanaharibu moto. Shemeji akaanza kusema safari hii waagize keki dukani. Siku hiyo chakula hakikumshuka mama mkwe. Bibi harusi ni kitinda mimba wake, Mama, na keki hiyo ameiwazia tangu mtoto yuko shule.

Asubuhi moja maziwa yalifurika na kuungua pembeni yake, naye akaendelea kuchambua mchele huku akiimba. Ndipo nilipojua hasikii tena harufu. Sikumwambia mtu. Alipooka tena nilikaa karibu naye, na harufu ya keki iliyoiva iliponifikia nikasimama. Alinitazama kidogo, akafunua. Keki ilikuwa nzuri kuliko zote. Hatukusemezana lolote, lakini tangu siku hiyo nikisimama, yeye hufunua.

Siku ya harusi, keki kubwa ikiwa motoni na nyumba imejaa wageni, harufu ya siagi na mayai ilinichafua roho. Nikajikaza kisabuni, wapi! Nikainuka mbio hadi nyuma ya nyumba, nikatapika. Mama mkwe kuona nimesimama, akafunua. Keki ilikuwa bado mbichi, ikabonyea katikati.

Niliporudi, watu walikuwa wameizunguka sufuria kama wako msibani, na shemeji ameshaanza yale ya dukani. Nilitaka kusema kosa ni langu, mama mkwe akanishika mkono. Akasema mbele ya wote:

"Pua yangu iliondoka na yale mafua, nikaona haya kusema. Huyu mkwe wangu ndiye pua yangu. Na kama macho yangu bado yanaona, leo pua hiyo ina mgeni tumboni."

Mume wangu alikuwa amebeba kreti ya soda. Akaiweka chini polepole, akaikalia. Ndiyo, Mama, ni kweli. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, na sasa umekuwa wa mwisho. Unisamehe. Keki tuliirudisha motoni, shimo tukalijaza jamu, na wifi akataka kipande cha hapo hapo shimoni. Mama mkwe alilia na kucheka kwa pamoja.

Anakusalimu sana. Mimi jiko silisogelei kwa sasa, na mume wangu tulipomjaribu, hakujua tofauti ya keki iliyoiva na kitambaa kinachoungua. Kwa hiyo mama mkwe anaomba usingoje mjukuu azaliwe. Anasema uje sasa: mikono anayo, akosacho ni pua, na haoni haya tena kuomba.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao, nisiyeweza kukuficha kitu ila kwa wiki chache tu.